Pampu ya Petroli Ndani ya Ramadhani

Mke wangu alikuwa kwao Maramba, mwezi wa pili sasa, na mkwe wangu aliniletea ujumbe usio na sukari: Alhamisi nije nifuturu nao, wazee wakae, tuzungumze. Nisipotokea, Jumamosi atamleta binti yake mjini kwa liwali, mwamuzi wa kesi za ndoa, adai talaka. Hakusema nikichelewa itakuwaje. Kwa ninavyomjua mzee yule, kwake kuchelewa na kutotokea ni kitu kimoja.

Malalamiko ya mke wangu yalikuwa mafupi. Alisema amechoka kubebeshwa makosa ambayo hata hakuwapo yalipotendeka. Nilipoambiwa hivyo nilikasirika, nikasema ni mama yake anayemjaza maneno.

Usafiri nilikuwa nao. Nilikuwa dereva na fundi wa tajiri mmoja, Mhindi Mwislamu mwenye duka la nguo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alinunua lori kuukuu la jeshi, akaita maseremala wakalijengea chumba cha mbao nyuma: kitanda, rafu za majora ya nguo, dirisha lenye pazia, na jiko la mafuta ya taa. Alilizungusha kwenye mashamba ya mkonge akiuza, na usiku akilala humo humo. Watu wakaliita nyumba ya magurudumu. Kama nyumba halikuwa na ila. Injini yake ndiyo iliyokuwa balaa.

Tajiri naye alikubali twende Maramba siku ile. Alikuwa na nguo za Idi za kuuza, na zaidi ya hapo alikuwapo siku ya ndoa yangu, kwa hiyo alijiona ana haki ya kuniombea msamaha. Tukaondoka asubuhi. Hatukufika mbali. Pale Nguvumali, hata mji hatujautoka, injini ikakohoa mara mbili, ikazima, ikakataa kabisa.

Nikafungua boneti. Pampu ya petroli ilikuwa imelowa tepetepe. Ile ngozi ya ndani inayovuta mafuta ilikuwa imepasuka. Nikamwambia tajiri, "Si nilikwambia tangu mfungo mosi, mwezi wa Idi iliyopita, pampu hii ibadilishwe?"

"Mfungo mosi uliniambia breki," akasema.

Nikaenda kwa miguu kutafuta pampu nyingine, na adhuhuri ikanikuta kwa muuza vyuma chakavu mmoja, mtu wa kukulazimisha umsikilize habari za mgongo wake kabla hajakuonyesha kitu. Alikuwa nayo moja, imetolewa kwenye lori kama letu. Nilipoondoka nilikuwa nimemlaani yeye, mgongo wake, na wazungu wote waliotengeneza malori.

Kuifunga haikuwa kazi. Pampu ile ina mkono wa chuma unaoingia ndani ya injini, na kamshafti, kile chuma kirefu chenye vinundu, ikizunguka inausukuma mkono huo, ndipo mafuta yanavutwa kutoka kwenye tangi. Niliuingiza, nikakaza boliti zote mbili. Iliingia kwa ulaini wa ajabu, bila kusukumana na springi hata kidogo, nami nikajisifu moyoni kuwa mkono wangu umeizoea kazi, nikashika hendeli ya kuwashia injini. Nikazungusha hendeli. Nikazungusha tena. Nikazungusha mpaka mabega yakawaka moto na koo likakauka kama gunia. Petroli haikuja.

"Bomba limeingia hewa," akasema tajiri. "Livute kwa mdomo."

Hilo kila fundi analijua. Unachomoa bomba, unalinyonya, mafuta yakikaribia unatoa mdomo. Siku nyingine ningeshalinyonya zamani. Lakini ilikuwa Ramadhani, saa nane mchana, na sisi sote tumefunga.

"Livute wewe, tajiri. Lori ni lako."

"Na safari ni ya nani?"

Wakati huohuo akapita mwalimu wa chuo kimoja cha Kurani cha mtaa wa Mabawa. Tukamwamkia shikamoo, na tajiri, badala ya kumwacha mzee aende zake, akamwuliza kama kunyonya petroli kunafunguza. Mwalimu akasimama, akafunga mwavuli, nikajua tumekwisha. Akasema kuonja si kumeza. Lakini tone likipita kooni, swaumu imekwenda. Tajiri akauliza, je, msafiri si ameruhusiwa kufungua? Mwalimu akasema ndiyo, ila safari iwe imeanza, na mtu hawi msafiri mpaka avuke nyumba za mwisho za mji.

"Basi tulisukume tuzivuke," akasema tajiri, na Mungu shahidi, mtu yule hakuwa akifanya mzaha. Akaanza kuita watu.

Watu sita waliofunga, juani, wakasukuma nyumba ya mbao yenye kitanda na majora ya nguo. Mimi niko kwenye usukani nawapigia kelele wasukume kwa pamoja. Mwalimu anatembea kandokando na mwavuli wake. Tulipozipita nyumba za mwisho, watu wanahema, yeye akauliza kwa upole tunakwenda wapi hasa.

"Maramba, mwalimu."

Akafikiri. "Maramba ni karibu. Haifiki masafa ya kufungua."

Nilitaka kulia. Nilimwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mtu wa umri wake, kwamba angeyasema hayo tulipokuwa bado kule nyuma. Akaniambia kule nyuma hakuna aliyemwuliza. Nikalala chini ya lori kwa hasira, nikachomoa bomba, nikalinyonya kwa nguvu zangu zote. Petroli ikaja kwa ghafla, funda zima, na kabla sijatema, nusu yake ilikuwa imeshateremka. Nikatapika pale pale.

"Sasa hilo limefunguza," akasema mwalimu, akakunjua mwavuli, akashika njia yake.

Nikarudisha bomba. Nikazungusha hendeli. Injini haikuwaka.

Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi pampu ile ilivyoingia kwa ulaini. Nikaifungua kimya kimya. Mkono wake nilikuwa nimeupitisha chini ya kamshafti badala ya kuulaza juu yake, kwa hiyo kamshafti ilikuwa ikizunguka bila kuugusa. Saa ile yote ya hendeli, swaumu yangu, jasho la watu sita, vyote vilikuwa bure. Nikaupitisha juu. Safari hii springi ilinisukuma ilivyotakiwa. Hendeli moja tu, injini ikanguruma.

"Ilikuwa nini?" akauliza tajiri.

"Hewa," nikasema.

Tulifika Maramba watu wameshaswali magharibi na vyombo vimeshaondolewa. Mkwe wangu alikuwa barazani na wazee watatu. Niliwaamkia, wakaitikia marahaba bila kuniangalia. Tajiri akawahi kueleza habari za pampu mbovu na muuza vyuma, na kumalizia kwamba mkwe wao kafunga siku nzima katika dhiki ile, kafuturu njiani kwa maji matupu.

Uongo ulikuwa umeshatandikwa vizuri, kazi yangu ilikuwa kuulalia tu. Lakini nilikuwa nimechoka, na tumbo lilikuwa bado linarudisha petroli.

"Sikufunga siku nzima, baba," nikasema. "Nilifungua saa kumi."

Mzee mmoja akasema astaghfirullahi. Mkwe wangu akaniangalia kwa mara ya kwanza. Nikawaeleza yote mpaka kufikia lile funda, nikaishia hapo. Nyuma ya pazia la mlango nikasikia mtu ameacha kupanga sahani.

"Na pampu nani aliifunga?" Ilikuwa sauti ya mke wangu.

Tajiri alifungua mdomo. Nikamwekea mkono begani.

"Mie," nikasema. "Niliifunga mwenyewe, nikaifunga vibaya. Pampu yenyewe ilikuwa nzima."

Sikumbuki kama niliwahi kumwambia maneno kama hayo kabla. Mkwe wangu akageukia mlangoni kama mtu anayesubiri kujibiwa. Kisha nikasikia sanduku linaburutwa kutoka mvunguni, na mke wangu akiuliza kama ndani ya nyumba ya magurudumu kuna nafasi ya kuliweka.