Fimbo Moja, Nyumba Mbili

Kwa miaka mingi nilikuwa fundi umeme kila mahali isipokuwa kwenye karatasi. Fomu ya kuombea umeme niliijua kuliko hata waliokuwa wakiigawa. Nilijaza jina la mwenye nyumba, idadi ya taa, swichi na soketi, nikachora ramani ya vyumba kwa rula, hadi nikafika chini kabisa kwenye sehemu ya fundi mwenye leseni: jina, namba ya leseni, daraja, sahihi, mhuri. Hapo niliweka kalamu chini, nikaikunja fomu na kupanda gari la Makambako.

Makambako alikuwako rafiki yangu niliyesoma naye sekondari Njombe. Tulipomaliza kidato cha nne yeye alikwenda chuo cha ufundi, mimi nikaenda Tunduma kumsalimia mjomba kwa wiki mbili. Zile wiki mbili zilichukua miaka mitano, na umeme nikajifunza humo humo, kwa kutambaa juu ya dari za watu nyuma ya fundi mmoja mkali aliyekuwa anafundisha kwa kutukana. Kutoka Tunduma nilihamia Songea. Kutoka Songea nikaenda Ludewa, tuliposikia makaa ya mawe ya Mchuchuma yanaanza kuchimbwa. Hayakuwa yameanza. Nikafunga taa kwenye nyumba za wakulima wa mahindi waliokuwa wanasubiri kama mimi, kisha nikapanda Makete kwenye baridi. Hata sasa miji naikumbuka kwa dari zake. Dari za Songea zina joto la kuoka mkate. Za Makete ukipanda asubuhi unashuka vidole havikunjiki.

Rafiki yangu alikuwa na duka la vifaa vya umeme na mhuri kwenye droo. Kila nilipoingia, hakuuliza habari za nyumbani.

"Mzururaji, safari hii umemtia nani waya?"

"Mwalimu mstaafu. Vyumba vinne."

"Ethi umeweka?"

"Wewe nawe! Nitaachaje ethi?"

Basi, anasaini. Hata nyumba ya mama yangu, kule Mahongole, aliisaini akiwa amekaa kwenye kiti chake anakula mahindi ya kuchoma.

Kisha siku moja nilimkuta amenuna. Alikuwa ameitwa ofisi ya umeme kuulizwa kuhusu nyumba moja aliyoisainia, akashindwa hata kusema ina milango mingapi.

"Ndugu yangu, basi tena," akasema. "Sisaini nyumba ambayo sijaingia. Na za kwako ziko Makete. Mimi na magoti haya siendi Makete."

"Sasa mimi nile wapi?"

"Utafute leseni. Una miaka arobaini na sita, mvi umeshapata, kimebaki cheti tu."

Akanieleza kwamba kuna utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia mtaani. Ukifaulu unapewa cheti, na kwa cheti hicho unaomba leseni ya daraja la chini, la nyumba za kawaida. Usipofaulu unabaki msaidizi wa mtu. Wazo la kuwa msaidizi wa huyu bwana, niliyekuwa nikimwonyesha majibu ya hesabu, lilinipeleka Njombe kujiandikisha wiki ile ile.

Upimaji ulikuwa na sehemu mbili: maswali ya mdomo, na kazi uliyoimaliza ambayo mpimaji angekuja kuikagua. Maswali niliyajibu. Kwenye kazi ya kukaguliwa sikuwaza mara mbili, nikaandika nyumba ya mama. Ile ndiyo niliyoifunga kwa mapenzi. Waya zote zimenyooka, hakuna hata holda moja iliyoinama, na kwa miaka sita taa zake zilikuwa zinawaka bila neno.

Mpimaji alikuwa dada mmoja wa Kikinga, mdogo kwangu kwa miaka kama kumi, mwenye koti zito na mkoba wa vipimo. Mama alimpokea kwa salamu za "kamwene" nyingi, akamkalisha, akamletea chai na viazi. Mimi nilikuwa nimemwambia mama tu kwamba mgeni anakuja kutazama kazi yangu. Kwa hiyo mama alijua kazi yake ni kunisifu.

Dada yule alianza na swichi.

"Fundi, mbona swichi ziko chini hivi?"

Kabla sijajibu, mama alisimama ukutani kando ya swichi. Kichwa chake kilizidi swichi kidogo tu. Dada akacheka, akaandika kitu. Akafungua boksi la breka, akanusa, akaguna kwa namna iliyonifurahisha. Nikaanza kujiona na leseni mfukoni.

Tukatoka nje, nyuma ya nyumba, kwenye ethi rodi, ile fimbo ya shaba inayozamishwa ardhini ili umeme uliokosea njia upite huko na usipite kwa mtu. Kichwa chake kilikuwa kimechomoza vizuri, nimekifunga waya kwa ustadi. Mkaguzi wa shirika la umeme, aliyekuja kabla nyumba haijaunganishwa, alikuwa amekitazama kichwa hicho akaridhika. Huyu dada hakuridhika na kichwa. Alichomeka vijiti viwili vya chuma ardhini, akaunganisha kipimo chake, akatazama, akakigonga, akatazama tena.

"Fimbo hii ina urefu gani, fundi?"

"Ule wa kawaida."

"Wa kawaida kabisa?"

Nikasema udongo wa Mahongole kiangazi unakuwa mkavu sana. Nikaanza kueleza habari za udongo. Ningeeleza hadi jioni, lakini mama alikuwa amesimama mlangoni, na kwake hii ilikuwa nafasi nzuri ya kunisifu.

"Mwanangu huyu hana choyo hata kidogo," akamwambia. "Fimbo ilikuwa moja. Akaikata kwa msumeno katikati, nusu akaniwekea mimi, nusu akampelekea mama yake mdogo Mjimwema. Wangapi leo wanakumbuka mama zao wadogo?"

Dada aliinama, akashika kile kichwa kwa vidole, akavuta. Fimbo ilitoka kama karoti.

Mama aliitazama ile nusu fimbo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha ushahidi.

"Mama," dada akauliza taratibu, "ukipiga pasi unasikia chochote?"

"Inanitekenya tu. Kidogo kidogo, hapa mkononi. Na lile birika la umeme pia. Si ndivyo umeme ulivyo?"

"Miaka yote sita?"

"Nimeshazoea. Navaa kandambili."

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nikuambie nini? Umehangaika kuniwekea umeme, halafu niseme unanitekenya?"

Kuna kufeli kwa aina nyingi. Kwa namna hii nilikuwa sijawahi kufeli. Mpimaji alizima meinswichi, akaja akakaa nami kwenye ngazi, akaacha ule utani wake.

"Nyumba ngapi nyingine?" akauliza.

Ningeweza kusema hakuna. Mjimwema tayari alikuwa ameisikia, lakini za Makete na Ludewa alikuwa hazijui. Rafiki yangu aliyezisaini alikuwa hajawahi kuziona. Nikahesabu kwa vidole. Mara nyingi vifaa vilipopungua tulikata. Fundi wangu wa Tunduma alikata, nami nikakata, na taa ziliwaka zote.

"Saba," nikasema. "Na hii."

"Kwenye fomu yangu imo hii peke yake," akasema. "Hapa naandika bado hujafikia. Nitarudi Makambako baada ya wiki mbili kupima wengine, na hii nitaipima tena. Hizo saba ni zako kurekebisha."

Nilipomweleza rafiki yangu, alicheka hadi akashika kaunta, kisha akaacha ghafla, maana mihuri ya nyumba zile ilikuwa yake. Alifunga duka. Magoti yake yale yasiyofika Makete yalifika Mahongole siku hiyo hiyo, tukapiga nyundo kwa zamu mpaka fimbo nzima ikazama. Kesho yake tulikuwa Mjimwema. Mama mdogo aliudhika, akadhani nimekuja kuchukua zawadi yake.

Wiki mbili zilipopita dada alirudi, akapima, akavuta fimbo kwa mikono miwili, haikutikisika. Nikapata cheti, na baadaye leseni yenye picha yangu nimekodoa macho kama mtu aliyekamatwa.

Sikuanza na kazi mpya. Nilianza na Makete, kwenye nyumba ya mama mmoja muuza maziwa niliyemfungia umeme nilipokuwa nakaa huko. Alinitambua akiwa bado getini.

"Fundi! Kumbe hukufa?"

"Niko hai, mama. Naomba kuona ukuta wa nyuma."

"Umetoka Makambako kuja kuona ukuta?"

Nikamweleza yote, bila kuzungukia habari za udongo. Nikamwonyesha fimbo mpya begani, na ili asinione tapeli nikatoa leseni. Aliisoma mstari kwa mstari, akaigeuza nyuma, akairudia mbele.

"Hii ni ya mwezi uliopita."

"Ndiyo, mama."

"Sasa wakati unanifungia umeme, ulikuwa nani?"

Alinirudishia kadi yangu, akafungua geti.

"Zungukia kulia," akasema. "Mbwa nimemfunga. Na usiondoke mpaka nione umeigonga fimbo yote."