Kikombe cha Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajaisogelea mashine mpya iliyokuwa ikijaribiwa pale zahanati, dada mpimaji alivua pete, hereni na saa, akazitia kwenye kikombe cha plastiki dirishani.

“Sumaku hii ina wivu, bibi. Vua na wewe.”

“Hata bwana harusi hakunivua hivi!” bibi alilalamika, akitoa bangili mbele ya mjukuu wake, Selina.

Selina alivitazama vidole vyembamba vya yule dada vikichanganya makohozi ya bibi na maji yenye chembe za sumaku, ndogo kuliko vumbi, ambazo hung’ang’ania vijidudu vya kifua kikuu mpaka mashine ivitambue. Mashine ikasema hamna. Bibi akainuka aende zake, huku akikohoa.

“Kaa, bibi. Ulinipa mate.”

Bibi akainamisha uso. Atatemaje kohozi mbele ya watu? Yule dada hakubishana. Aligeukia ukuta, akakohoa yeye kwanza, kwa kishindo, kama mzee wa mnadani. Bibi akacheka, cheko likageuka kikohozi, na safari hii likatoka kohozi la kifuani. Vijidudu vikaonekana, dawa zikaanza siku hiyohiyo.

Majaribio yalipokwisha, dada alivaa pete yake, akabeba mashine kwenda mji wa Wasso, asirudi tena. Bibi, kifua kimetulia, akifuata dawa zahanati, bado huvua bangili mlangoni.