Everlyne Aenda Helsinki, na Haendi kwa Mtu

Saa mbili unusu asubuhi, nje ya godauni moja la Shimanzi, malori yamepangana hadi barabarani na lami imeshaanza kunata chini ya viatu. Ndani, nyuma ya mlango mnene kama godoro, Everlyne Kaingu anavuta zipu ya jaketi lake hadi kidevuni, anashusha kofia ya sufu ifunike masikio, kisha anaingia mahali ambapo kipimo cha ukutani kinasoma nyuzi ishirini chini ya sufuri.

Pumzi yake inatoka nyeupe kama moshi wa jiko lililomwagiwa maji. Anapanga makasha ya pweza kwenye kigari, anasukuma, anapangua, anagonga barafu iliyoota kwenye miguu ya rafu. Kengele ikilia baada ya nusu saa anatoka, kope zimeganda, na kukaa juani na kikombe cha chai ya tangawizi huku wapita njia wakimshangaa mtu aliyevaa jaketi la manyoya Mombasa, mwezi wa Januari.

"Watu wa hapa ukiwaambia baridi, wanafikiria Limuru," anasema akicheka. "Mimi baridi naiingia kwa kengele na kuitoka kwa kengele. Miaka kumi na tisa sasa."

Everlyne ana miaka hamsini na moja. Alizaliwa Kaloleni, akaolewa Mombasa, anaishi Tudor na mumewe, Ngumbao, dereva wa lori anayepeleka mizigo Malaba. Mshahara wake katika ghala hili la samaki ni shilingi elfu thelathini na mbili kwa mwezi. Amepanda basi mara nyingi kama mtu yeyote, lakini ukimuuliza safari hizo zilikuwa za nini, atakutajia mgonjwa, maiti, harusi, na mtoto wa kupelekwa shule. Hakuna ya tano.

Tarehe tisa Februari ataipata ya tano. Anakwenda Helsinki, mji mkuu wa Finland, siku nne, kutembea. Hakuna anayeumwa huko, wala anayeoa.

Habari yenyewe ilianzia kwenye hilo jaketi. Miaka kumi na moja iliyopita, koti lake la kazi lilikuwa limechakaa, naye akaenda Kongowea kwenye mitumba. Katika rundo la mashati akakuta jaketi la buluu, zito, ambalo muuzaji mwenyewe alikuwa amelikatia tamaa, kwa maana nani Mombasa angelinunua. Akalipata kwa shilingi mia nne na soda.

Jioni alipolifua, mkono wake uligusa kitu katika mfuko wa ndani, ule wa kifuani. Ilikuwa ramani iliyokunjwa mara nane, imelainika kama kitambaa, na juu yake viduara vinne vya kalamu ya wino. Mtu asiyemjua alikuwa amepanga matembezi yake mjini Helsinki, akayatia duara moja moja, kisha akatoa jaketi likasafiri kwa meli mpaka Kilindini na ramani ikiwa ndani.

Everlyne aliianika ramani kwenye kamba pamoja na nguo. Kisha, badala ya kuitupa, akaibandika ndani ya mlango wa kabati.

Ilimchukua muda kujua kila duara lilikuwa nini. Kwa simu ya mwanawe Lennox alitafuta moja moja. La kwanza ni soko la bandarini, ambako wauza samaki hutandaza bidhaa pembeni mwa maji. La pili ni kanisa kubwa jeupe lililokaa juu ya ngazi nyingi. La tatu ni kanisa jingine, hili limechimbwa ndani ya mwamba. Na la nne ni kisiwa chenye ngome ya zamani, ambacho mtu hukifikia kwa feri.

"Kisiwa, ngome, feri na soko la samaki," anahesabu kwa vidole. "Nikasema, hawa mbona wanaishi kama sisi, ila wao wamewekwa kwenye friza?"

Miaka minne iliyopita akaanza kukusanya nauli. Alinunua friza ya mkono wa pili, akaanza kutengeneza barafu za ukwaju na za ubuyu kwenye vifuko vidogo, shilingi kumi kila kimoja, akiwauzia watoto wa mtaani Tudor wanapotoka shule. Majirani walimwona akirudi kutoka baridini kazini na kuingia baridini nyumbani. Hakumweleza mtu pesa zilikuwa za nini, isipokuwa Ngumbao.

Ngumbao hakukataa. Alisema, anakumbuka Everlyne: "Mama Lennox, kwenda mahali ukarudi bila kuteremsha mzigo, hiyo mimi siielewi. Lakini nenda. Ukirudi utanifafanulia."

Tatizo lilikuja pale siri ilipotoka. Kila aliyesikia, kazini, kanisani, dukani, alimuuliza swali lile lile: unakwenda kwa nani? Na alipojibu kwamba haendi kwa mtu, walimtazama kama mtu aliyeanza kuugua.

Mwanaesha, rafiki yake wa karibu na mfungashaji katika ghala hilo hilo, mwenyeji wa Mji wa Kale, ndiye aliyelisema wazi. "Shoga, huendi kwa mtu, hupokewi na mtu, hulali kwa mtu. Waenda kufanya nini? Hata jini akihama huenda kwa jamaa zake." Na aliposikia kwamba wenyeji wa huko hujifungia katika chumba cha moto ili watoke jasho, wakilipia, alimwambia aokoe nauli yake aje akae jikoni kwake Kibokoni saa nane mchana.

Maneno hayo yalimwingia Everlyne kuliko alivyokubali. Ndiyo sababu, mwezi wa Oktoba, alipokaa kwenye saiba, duka la intaneti, kujaza fomu ya visa na kufika mahali palipoulizwa atakuwa mgeni wa nani, alishindwa kuacha wazi.

"Niliona aibu," anasema. "Mtu mzima, mama wa watu, unaandika kwamba unakwenda kwa hakuna mtu? Serikali ya watu itanionaje? Itadhani sina adabu, au nimefukuzwa."

Akakumbuka Becky. Huyu ni binti wa jirani yake, Janet Ogutu, na anafanya kazi ya uuguzi huko huko Helsinki. Everlyne hajawahi kuzungumza naye tangu alipokuwa msichana wa shule. Lakini aliandika jina lake, akatia alama kwenye sehemu ya kutembelea jamaa na marafiki, akahisi fomu imependeza.

Wiki tatu baadaye pasipoti ilirudi na barua. Visa imekataliwa. Mwenyeji aliyetajwa hajaleta barua ya mwaliko, na sababu ya safari haieleweki. Ada haikurudishwa.

Siku hiyo Everlyne aliingia chumba cha baridi na kukaa humo mpaka mwenzake akaja kumgongea kwamba kengele imeshalia mara mbili. "Nilitaka machozi yagande kabla hayajashuka," anasema, na sasa hilo nalo linamchekesha.

Janet aliposikia, alifurahi. Si kwa kukataliwa, bali kwa dawa aliyokuwa nayo mkononi: alimpigia Becky papo hapo, na Becky akasema ataandika mwaliko jioni ile ile. Mama Lennox atalala kwake. Ataletewa chakula. Hatatoka nje peke yake hata hatua moja. Janet naye akaanza kuandaa dagaa wa omena, unga wa wimbi, na vitenge viwili, kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu. Kufikia Jumapili kanisani palikuwa na akina mama watatu wengine wenye vifurushi. Mmoja alikuwa na mtoto Hamburg.

"Niliwaambia Hamburg iko nchi nyingine kabisa," Everlyne anaeleza. "Wakaniambia si ni Ulaya hiyo hiyo, nipitie tu."

Njia ilikuwa imefunguka, na alipoitazama aliona siku zake nne zimeisha. Siku ya kwanza kwa Becky kusalimiana. Ya pili kanisani kwa Becky. Ya tatu kwa rafiki wa Becky aliyetoka Kisumu. Ya nne kufunga mizigo ya kurudi nayo. Ramani ingerudi kama ilivyokwenda. Lakini akiandika upya bila mwenyeji, angeweza kukataliwa mara ya pili, na barafu za miaka minne zingeyeyuka kwenye ada na tikiti.

Hakuweza kuamua. Ndipo alipomwomba Mwanaesha kitu ambacho bado kinawachekesha wafanyakazi wenzao. Alitaka wakafanye mazoezi ya kutembea bure. Jumamosi moja ya Novemba wangeanzia Kibokoni waende mpaka Ngomeni, kwenye ngome ya kale ya mji, wakitazama milango, roshani na kuta kama wageni wanavyotazama, bila kuingia kwa mtu.

Kutoka mlangoni kwa Mwanaesha hadi Ngomeni ni mwendo wa dakika kumi. Waliondoka saa tatu. Mzee wa kwanza alikuwa kibarazani, na Mwanaesha hakuweza kumpita bila sabalkheri, na sabalkheri ikataka habari za watoto. Hatua ishirini mbele kulikuwa na shangazi dirishani. Kwa shangazi wakaingia, maana kukataa kungekuwa matusi, wakanywa kahawa na kula visheti. Walipotoka wakakutana na mtoto wa shangazi, naye akasikitika kwamba wameondoka bila yeye kuwaona, wakarudi. Adhana ya adhuhuri iliwakuta hawajafika nusu ya njia.

"Nilimwambia Mwanaesha, umeona? Kwenu mtu hawezi kutembea. Anaweza kutembelea tu."

Baada ya sala, Mwanaesha alivuta ushungi ukamfunika hadi puani, akamshika rafiki yake mkono, wakapita njia za nyuma mbio mbio kama wezi wa kuku. Wakalipa kiingilio, wakaingia.

Everlyne amekaa Mombasa miaka ishirini na tisa. Wageni wa kutoka Kaloleni amewafikisha kwenye lango lile mara kadhaa, akawasubiri nje na mikoba yao. Ndani hakuwahi kuingia. Alipanda juu ya ukuta, akasimama palipotazamana na mkondo wa bahari, akaweka viganja kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa la moto. Meli ya makasha ilikuwa inaingia polepole kuelekea Kilindini. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtuma, na kwa karibu saa nzima aliifuata meli kwa macho, kisha bahari tupu.

Mwanaesha alianza kulalamika juu ya jua, kisha juu ya miguu. Mwishowe akaja kusimama kando yake. "Shoga," alimwambia, "wallahi nimezaliwa mtaa wa pili hapo, na sikujua yaonekana hivi."

Walipokuwa wakishuka, Everlyne alikuwa ameamua. Atasema kweli.

Barua aliyoambatanisha na maombi ya pili aliiandika kwa mkono, kwa Kiswahili, kisha ikatafsiriwa. Nakala yake iko kwenye kabati, chini ya ramani. Inasema: "Mara ya kwanza niliandika jina la binti wa jirani kwa sababu ya haya. Siendi kwake. Siendi kwa mtu yeyote. Ninataka kuuona mji wenu kwa siku nne kisha nirudi kazini, na bwana mkubwa wangu amenipa barua ya likizo. Baridi msiniogopee." Akaweka pia nakala ya ramani, na viduara vyake vyote, pamoja na hati za benki na hoteli.

Janet alinuna wiki mbili. Alipita ngazini akimwitikia kwa kichwa tu.

Jumatatu ya wiki iliyopita pasipoti ilirudi. Everlyne aliifungua akiwa amesimama kwenye lango la ghala, kwenye vumbi la malori, na mara hii ndani yake palikuwa na karatasi ya visa imebandikwa vizuri, na uso wake ukiwa juu yake. Alirudi chumba cha baridi mbio akamwonyesha Mwanaesha kupitia kidirisha cha mlango, na Mwanaesha akapiga kigelegele ambacho mkuu wa zamu anasema alikisikia mpaka ofisini, akadhani mashine imeharibika.

Jioni ile Janet aligonga mlango. Mkononi alikuwa na kifurushi kimoja, kidogo kuliko mkate. "Omena robo kilo tu, mama Lennox," alisema. "Becky atakuja kuichukua hotelini kwako. Atakusalimia mlangoni, aende zake. Nimemwambia asikuzoee." Wakakumbatiana hapo hapo kizingitini, na omena katikati.

Mpango wa safari umeandikwa nyuma ya kalenda ya kanisa. Siku ya kwanza ni soko la bandarini, akaone hao nao wanavyopanga samaki. Ya pili ni makanisa yote mawili. Ya tatu ni feri na ngome. Amesoma kwamba mwezi huo feri hupita katikati ya barafu, na anataka kusimama nje, ubavuni, asikie inavyovunjika. Chumba cha moto hajakiamulia. Siku ya nne haina kitu. Amepiga mstari tu, na kalamu nyekundu ameshaitia katika mfuko wa ndani wa jaketi.

"Hivyo vinne ni vya mwenye jaketi," anasema. "Changu nitakichora nikifika huko."

Akirudi, anataka ampeleke Ngumbao juu ya ukuta wa Ngomeni, mahali pale pale, ili amfafanulie.

Kengele inalia. Anamaliza chai, anainuka, anavuta zipu. Mlinzi wa lango, Mung'aro, ambaye amekuwa akisikiliza muda wote akijifanya hasikilizi, anamuuliza kwa upole wa mtu anayemwonea jamaa yake huruma: sasa dada, usiku ule ukishuka kwenye ndege peke yako, nani atakupokea?

Everlyne anashika mpini wa mlango mnene, na ukungu mweupe unatoka kumlamba miguu.

"Baridi," anasema. "Tunajuana."