Pikapu Iliyoondoka na Bibi Harusi Wangu

Naona aibu kuisimulia hii, lakini mke wangu akiniwahi ataisimulia yeye (na akisimulia yeye, mimi nakuwa mjinga kuliko nilivyokuwa kweli), kwa hiyo acha niseme mwenyewe jinsi nilivyoachwa mlangoni mwa kanisa, Igowole, mchana kweupe, tarumbeta zikilia.

Miaka ile ya sabini nilikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea viazi, ambayo hata kwenye baridi ya Mufindi ilikuwa inawaka ukigusa tu ufunguo. Sasa harusi ikakaribia, nikajiuliza, kweli mimi, kijana wa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, soli nene kama tofali, nimbebe Eliza kwa mwendo wa kinyonga? Nikamwendea fundi Mgaya, Mafinga, nikamwambia anifungie kabureta mpya, ya gari kubwa zaidi. Mgaya akachangamka kuliko mimi. "Itaruka, kaka!"

Na kweli, ikishawaka ilikuwa inaruka. Tatizo ni hilo neno "ikishawaka". Unazungusha ufunguo, inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, chai inapikwa na kunywewa ndipo inaitika. Nikasafisha plagi, wapi. Nikaazima betri ya jirani, wapi. Nikaimwagia injini maji ya moto kama naogesha mtoto, ikatoa mvuke tu. Mgaya akasema "itazoea", nami (bwana harusi hana akili) nikaamini kwamba chuma kinazoea.

Siku yenyewe dereva alikuwa mjomba Asheri. Akatufikisha kanisani vizuri, akazima injini. Hapo ndipo. Tumetoka kufunga ndoa, Eliza na msimamizi wake wameingia mbele, wapiga tarumbeta wakapiga wimbo mpaka mwisho, pikapu inakohoa. Wakapiga wa pili, inakohoa. Wa tatu wakaupiga huku wanatazamana. Shangazi yake Eliza, ambaye tangu siku ya posa alikuwa hanielewi, akasema kwa sauti ya kufika madhabahuni, "Kama gari tu linamkataa, mke atamweza?"

Damu ikanichemka. Nikavua koti, nikawaita wenzangu tusukume, nikamwinamia mjomba dirishani: "Mjomba, ikiwaka usisimame! Hata akikuita nani, usisimame, sisi tutarukia nyuma!" Kwa kinywa changu mwenyewe.

Tukasukuma, ikanguruma, ikatema moshi mweusi, wenzangu wakarukia nyuma, nami nikanyanyua mguu niruke, kumbe raizoni ya pili imezama kwenye tope, nikaenda chini kifudifudi na shati langu jeupe. Nainuka, pikapu inapanda kilima. Nikaikimbilia, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi, "Mjomba! Mjomba!" Wenzangu wakagonga paa ili asimame, mjomba akadhani ni furaha, akawajibu kwa honi na kuongeza mwendo. (Eliza anasema alinisikia. Alidhani naimba.)

Likatokea lori la majani ya chai, likasimama. "Kamwene, bwana harusi," dereva akanisalimu, akitazama pembeni asije akacheka. Nyuma mlikuwa na akina mama wachumaji wa chai. Wakanipisha juu ya magunia, wakanipangusa tope kwa vitenge vyao, na nilipowaeleza yaliyonikuta wakatunga wimbo papo hapo, bwana harusi kaachwa njiani, mpaka na mimi nikajikuta naitikia.

Nyumbani kwa baba, kijiji cha mbele, Eliza alikuwa amekaa meza kuu na kiti kitupu ubavuni. Wenzangu walikuwa wameshuka na kunirudia mbio kwa njia ya mkato bila kumweleza mtu, na kila mgeni akiuliza bwana harusi yuko wapi, mjomba anajibu kwa fahari, "Yuko nyuma, kwenye pikapu." Basi lori likaingia uani, nikashuka na soksi moja ya matope na majani ya chai kichwani. Nikajua shangazi atamshika mtoto wao mkono arudi naye kwao leo hii.

Eliza akasimama, akanitazama kutoka utosini mpaka kwenye ile soksi.

"Nilidhani nimeolewa na wewe," akasema, "kumbe nimeolewa na mjomba!"

Akacheka mpaka shela likadondoka. Shangazi naye akaja kunitoa majani kichwani, jani moja moja, machozi ya kicheko yanamtiririka, na wachumaji wakakaribishwa wakala nyama na kucheza kuliko sisi wenye shughuli.

Wiki iliyofuata nikairudisha kabureta ya zamani, ikawaka ukigusa ufunguo. Nikaapa: chombo kinachowaka sikigusi tena, na siku ya shughuli ndiyo kabisa. Lakini kiapo hakijaniokoa. Mpaka leo tukisafiri kwenda Mbeya, Eliza anasimama mlangoni mwa basi, mkono kiunoni, haingii hata konda afoke namna gani.

"Tangulia wewe, mume wangu," anasema, abiria wote wanasikia. "Nikitangulia mimi, sijui nitashuka na nani."