Siku Niliyoondoa Kizuizi

Tonton, mdogo wake mama, alikuwa mtu mpole. Kazini kwake, hospitalini Jette, mjini Brussels, alisukuma vitanda vya wagonjwa, na nyumbani kwake Berchem alitumia sauti ileile aliyowatulizia watu wanaopelekwa kupasuliwa. Lakini sebuleni alifuga muuaji.

Alikuwa samaki wa Amerika ya Kati, wa ukoo mmoja na perege tuliokuwa tukila Bukavu. Huyu, hata hivyo, alikuwa na meno ya kuonekana, mwili wa fedha wenye madoa meusi, na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Tonton alimnunua akiwa mdogo pamoja na wenzake watano. Mwaka haukuisha, akabaki peke yake. Hakuwaua kwa sababu ya njaa. Aliwafukuza mmoja mmoja kutoka pembe hadi pembe mpaka aliyefukuzwa akachoka kabisa, ndipo akammaliza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasomea uuguzi na kuishi kwake, siku rafiki yake alipokuja na ombi. Rafiki huyo alikuwa kinyozi wa Matonge, mtaa wa Wakongo mjini humo. Yeye na tonton walikimbia Kivu pamoja, wakalala miezi mingi katika chumba kimoja cha kituo cha wakimbizi. Yeye pia nilimwita tonton, yaani mjomba, lakini hapa nitamwita kinyozi. Alikuwa anahamia chumba kidogo juu ya saluni yake, na mwenye nyumba hakutaka tangi la maji kwenye sakafu ya mbao. Samaki wake alikuwa mnene, mweusi, mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, na alikula kutoka mkononi.

"Muda kidogo tu, ndugu yangu. Nitapata place," kinyozi alisema.

Tonton alilitazama tangi lake muda mrefu. "Bon. Mulete. Lakini habatagusana hata siku moja."

Akakata bamba la plastiki lenye matundu, akaligawa tangi katikati, akalibana kwa vinyonyo vya mpira kwenye vioo. Kisha akaniita.

"Maji inapita, samaki hapiti. Weye utabapa chakula nikiwa kazini. Hii, usiiguse. Umesikia?"

"Nimesikia, tonton."

Wiki za kwanza muuaji alilipiga bamba kwa pua mpaka mdomo ukachubuka. Baadaye akatulia. Samaki wa kinyozi alizoea kulala akiwa ameegemea bamba upande wake, na yule mwingine akasimama karibu upande wa pili, bila kutikisika. Nikawaonea huruma. Nilidhani wamezoeana. Niliwaona kama majirani wawili wanaoongea juu ya ua, na sikuona sababu ya kuwafunga.

Jumamosi moja asubuhi, tonton akiwa kazini, niliwashibisha wote wawili, nikang'oa vinyonyo, nikalivuta bamba juu.

Kwa dakika kadhaa hakikutokea kitu. Wa kinyozi alielea mpaka upande wa pili, akanusa mawe. Muuaji hakusogea, ila rangi yake ilianza kuwa nyeusi. Halafu akafungua mashavu kama mwavuli, na nikajua kwamba nimekosea.

Waliumana midomo. Mawe yaligonga kioo, maji yakaruka mpaka kwenye zulia. Nililirudisha bamba, lakini halikupata nafasi ya kupita kati yao. Nilitia wavu, ukachanika. Mwishowe nikatia mkono mtupu mpaka begani, na yule muuaji akamwacha samaki mwenzake, akaniuma mimi, hapa chini ya kidole gumba. Damu yangu ilipanda ndani ya maji kama moshi. Kwa mkono mwingine nikambana kwenye kioo kwa bamba na kulisimamisha.

Wa kinyozi alikuwa amelala ubavu. Magamba ya upande mmoja yalikuwa yamekwisha, na jicho moja halikuwepo. Nilijaza beseni la kuogea kwa ndoo za maji ya tangi lenyewe, nikatia chumvi na kipasha joto cha akiba, nikamlaza humo. Alikuwa bado anapumua.

Tonton aliporudi, nilikuwa nimeketi sakafuni bafuni, mkono umefungwa kitambaa.

"Kizuizi kilianguka," nilisema.

Alitazama mkono wangu kwanza, akauosha na kuufunga upya. Kisha akapiga simu saluni. Nilimsikia kupitia mlango. "Ni kosa yangu. Sikufunga muzuri." Sauti ya upande wa pili ilikuwa juu kiasi kwamba niliisikia nilipokaa. Kinyozi alisema tonton alijua huyo samaki ni mnyama mkali, na kwamba tangu kule kituoni alikuwa mtu wa kuahidi tu. Simu ikakatwa.

Kinyozi, aliyezoea kuja kila Jumapili kumwona samaki wake, hakuja tena. Wiki mbili tonton alibadilisha maji ya beseni, nasi tukajiosha kwa ndoo. Kila simu ilipolia niliona uso wa tonton ukiinuka, kisha ukishuka.

Jumamosi ya tatu nilishuka kituo cha metro cha Porte de Namur, nikaingia saluni. Wateja wanne walikuwa wameketi, na kinyozi alikuwa anamnyoa mmoja ndevu.

"Tonton, bamba halikuanguka," nilisema. "Ni mimi nililitoa. Yeye hajui."

Wembe ulisimama shingoni mwa yule mteja. Mteja mwenyewe hakuthubutu kumeza mate.

"Unakuja kusema hivi mbele ya watu bote?"

"Kama si leo, sitasema tena."

Alimaliza kunyoa, taratibu. Akafuta wembe. "Mimi nilimutukana mutu bure," alisema, si kwangu. Akawaomba radhi waliobaki, akafunga mlango, tukapanda metro na kisha tramu mpaka Berchem.

Tonton alifungua. Kinyozi akamshika mabega, akamweleza yote kwa maneno machache. Tonton akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ile ya hospitali.

"Samaki anaweza kupona. Lakini weye uliniacha nidanganye rafiki yangu, donc mimi pia nimekuwa mwongo."

Nililia, na hakuna aliyenibembeleza. Wao wakaingia bafuni, na baada ya muda nikasikia kinyozi akicheka kidogo kwa namna samaki alivyojaribu kumfuata kwa jicho moja.

Majira ya kuchipua, mwenye nyumba alikubali tangi dogo chini, ndani ya saluni, na samaki akaishi huko miaka mingi. Mimi na tonton tuliongea karibu kama zamani. Lakini kwa miezi mingi, kila aliponiagiza jambo, aliniuliza mara mbili, "Umesikia?"