Mkono Mmoja wa Hina

Vidole vya Bi Mishi wa Jomvu Kuu ni vyekundu vya kuelekea weusi, kuanzia ncha hadi pingili ya kwanza, kama vilivyochovywa mahali vikasahauliwa humo. Ni miaka thelathini ya kukanda hina kwa ndimu na chai ya rangi. Nimeona vidole vya namna hiyo kwa watia rangi nguo wa Aden na wa Surat, lakini wao huvificha wakila na wageni. Bi Mishi huvitandaza juu ya mkeka, hasa akiwa na jambo la kusema.

"Hivi ndivyo vilivyonifichua," aliniambia. "Uso nilikuwa nimeufunika."

Ilikuwa mwaka wa hamsini na tisa. Wakati huo walikuwa mashoga wanne, Mishi na wenzake watatu. Barke, ambaye mlango wake unatazamana na wa Mishi. Mwanarehema, muuza vitumbua, mwenye kicheko kinachosikika ng'ambo ya hori. Na Nyevu, mke wa kuli wa bandarini, Mkristo kutoka Rabai, mrefu kuliko waume zao wote. Walikuwa wamezalishana na wamezikiana wafu, na aliyekosa kiberiti hakugonga mlango wa mwenziwe, aliingia tu.

Mwaka mmoja kabla, washenga wa Mishi walivuka kile kichochoro kumposea Sheikhan, mwanawe wa pekee, aliyekuwa fundi wa mabomba kwenye matangi ya mafuta ya Changamwe. Walimposa Tima, binti Barke. Jibu likawa ndiyo. Mishi akapeleka pete na doti mbili za leso, na tangu siku hiyo Barke hakumwita tena kwa jina.

"Mkwe, una chumvi?"

"Mkwe, kuku wako yuko jikoni kwangu. Nimchinje au utakuja kumchukua?"

Kisha zikaja habari za pembea. Kampuni ya Wahindi ilikuwa imeshusha mizigo Tanga na kusimamisha uwanjani farasi wa mbao wanaozunguka, nyumba ya vioo vinavyomrefusha mtu mfupi kama mchi, na gurudumu la chuma lenye viti vya watu wawili wawili, refu kupita minazi. Jumatano alasiri ilikuwa ya wanawake peke yao. Barke alikuwa na shemeji yake, ndugu wa mumewe, anayekaa Ngamiani, mtaa wa huko Tanga. Wangelala huko siku tatu. Tima naye angekwenda, akamwone bibi yake.

"Lakini wiki hiyo nina bibi harusi wa kumpaka," Mishi akasema. "Ngojeni wiki ijayo."

"Wiki ijayo Wahindi wang'oa vyuma vyao, mkwe. Tutakuhadithia."

Wakaondoka Jumatatu. Jumanne asubuhi habari ikafika kwamba babu wa bwana harusi amefariki huko Junda, harusi imeahirishwa hadi baada ya arubaini. Mishi alikuwa na hina iliyokwisha kuchungwa, ndimu kapu zima, na siku nne zisizo na kazi.

Aliniambia kwamba hakuwahi kufanya upuuzi maishani mwake, na ghafla akauona upuuzi mmoja umesimama mlangoni unamngoja. Akafunga kitita: hina, ndimu, mafuta, na njiti za chelewa za kuchorea. Angewafuata kimya kimya, awatokee katikati ya pembea, kisha awakalishe mkekani awachore mikono. Mwanarehema na Barke alikuwa akiwapaka kila Idi. Ni Nyevu aliyemshinda. Kwa miaka kumi alimwomba mkono wake mmoja tu, na Nyevu akijibu, "Mimi mtu wa kanisa, nikienda nayo Jumapili mwinjilisti atasahau mahubiri."

Sheikhan alicheka aliposikia. "Mama, na umri huu?"

"Nakwenda kuwatisha wenzangu."

"Haya, nisalimie mama mkwe."

Akavuka kivuko cha Likoni alfajiri ya Jumatano, akapanda basi la Tanga, akafika baada ya adhuhuri na vumbi la Lungalunga kwenye kope. Hakwenda Ngamiani. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, na hapo akaona kwamba hakuwa na haja ya kujificha. Uwanja mzima ulikuwa mabuibui meusi. Akavuta ushungi, akabakisha macho.

Nyevu ndiye aliyewafichua. Alisimama na leso zake katika foleni ya gurudumu, kichwa juu ya vichwa vyote. Barke na Mwanarehema walikuwa kando yake. Mishi akajipenyeza hadi nyuma ya mgongo wa Barke. Akawa anacheka ndani ya buibui mpaka machozi yakamtoka. Shauri lake lilikuwa apande kiti kimoja na Barke, na gurudumu likianza kupaa ampigie ukelele sikioni.

"Mimi mle siingii," Mwanarehema alikuwa akisema. "Nikiwatapikia watu wa Tanga kichwani, nani atanitoa ndani?"

"Tapika sasa hapa chini, umalize," Nyevu akamjibu, na akainua mkono kurekebisha leso kichwani.

Mkono ulikuwa na hina. Mbichi, ya jana au juzi, maua mazito yasiyo na majani, kazi ya mtu mwenye haraka. Mishi akautazama ule mkono, aliouomba miaka kumi, na hakucheka tena.

Hapo Barke akageuka. Akaona mwanamke peke yake, amejifunika, anamtazama kwa karibu.

"Shikamoo, bibi. U mtu wa kwa mamake bwana harusi, eeh? Nilisema nimekuona jana kwenye kupaka hina."

Mishi akatikisa kichwa kukubali. Kwa nini alikubali? Nilimuuliza hilo mara mbili. Alisema kwamba bado alikuwa ndani ya mzaha wake, na sauti ingemtoa. Kulikuwa na mtu anaoa, basi, na wenzake wamealikwa. Lakini kama ni harusi, kwa nini hakuambiwa, yeye mpakaji wa hina?

"Njoo, mkwe, tupande mimi na wewe. Hawa wawili waoga watafuata."

Mkwe. Akamwita hivyo hivyo, kwa sauti ile ile ya kuombea chumvi.

Walikaa. Mhindi akafunga upau wa chuma mapajani mwao, gurudumu likapanda kiti kimoja, likasimama kupakia wengine, likapanda tena. Barke alikuwa na furaha, na furaha humfanya aseme.

"Kesho saa kama hii, inshallah, watoto wetu washaozwa. Wallahi sijalala wiki mbili. Baba Tima na nduguye walishakubaliana wenyewe, binamu kwa binamu, mimi nimeletewa tu kama sahani ya wali. Na kule kwetu nina jirani... Watu wana maneno. Nikaona bora tuje tumalizie huku."

Kiti kikafika juu kabisa, kikasimama. Kikayumba. Mishi hakuona bahari wala paa za Tanga, ingawa vyote vilikuwa chini ya miguu yake. Alishika upau kwa mikono miwili asianguke.

Barke akatazama chini, akaona vidole vile.

"Watu husema damu huganda," Bi Mishi aliniambia. "Mimi nilimwona mtu akiganda mzima mzima."

"Mishi," Barke akasema.

"Leo nina jina."

"Mishi, dada yangu, nisikize. Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo. Mlango wako na wangu ni hatua sita."

"Mume wangu aliniapia talaka nikisema."

"Ungekuja ukanililia, tukalia pamoja. Pete yangu iko wapi?"

"Sandukuni. Ningerudisha pete, ungejua."

"Na Mwanarehema? Na Nyevu? Walijua tangu lini?"

Barke akatafuta pengine pa kutazama, na kule juu hapakuwapo.

"Mlichagua wiki ya kazi yangu," Mishi akasema. "Mkanialika mkijua siwezi."

Chini mtu alipiga kelele kwa furaha, farasi wa mbao wakizunguka. Barke akaanza kulia, akamshika mkono, na Mishi akaona hina ya mgeni kwenye mikono ya shoga yake imepita juu ya mistari iliyofifia ya hina yake mwenyewe, ile aliyompaka Idi.

Basi jambo lilikuwa hili. Watu wa bwana harusi hawakujua kwamba binti ameshaposwa. Posa juu ya posa ya mwenzako ni haramu, na sheikh akiambiwa hafungi nikaha. Mishi alihitaji kwenda Ngamiani tu, kufunua uso, na kusema sentensi moja. Barke alilijua hilo pia.

"Utasema?" akauliza. Kiti kilikuwa kimeanza kushuka.

Mishi alimfikiria Sheikhan akiwa juu ya tangi kwenye jua la Changamwe, akihesabu Ijumaa zilizobaki kabla ya harusi yake. Alifikiria aibu ya nyumba yake. Halafu akauliza swali la kazi.

"Tima ameshapakwa?"

"Jana. Mikono na miguu, hadi magotini."

Hapo akajua kwamba hatasema. Mwenye kulaumu harusi hulaumu wazee, lakini hina hukaa na msichana. Tima angerudi Jomvu hajaolewa, na wiki tatu kila achotaye naye maji angeisoma harusi iliyovunjika kwenye ngozi yake, inafifia siku kwa siku. Hakuna ndimu inayoondoa hiyo. Yeye aijua kazi yake.

"Hakufanya kosa yule mtoto," alinieleza. "Mikono yake ilikuwa imeshashika rangi."

Kiti kilipofika chini Mwanarehema aliona uso wa Barke, kisha vidole, na kwa mara ya kwanza watu walimwona bila kicheko. Nyevu alificha mikono nyuma ya mgongo, mtu mzima, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Mishi alimwachia kile kitita cha hina miguuni.

"Hii nilikuletea wewe," akamwambia, akaondoka kwenda kutafuta basi.

Alipofika Jomvu alimwambia Sheikhan kila kitu, na nani waliojua, angali amesimama, kabla hajavua buibui. Kijana aliuliza neno moja tu: "Wote?" Baada ya miaka miwili alioa Junda, na ameoa vizuri. Pete ilirudishwa ndani ya karatasi ya sukari, ikaletwa na mtu mwingine. Milango ya Barke na ya Mishi bado inatazamana, na kwa miaka minne hakuna aliyeingia kwa mwenziwe kutafuta kiberiti.

Mimi nilifika Jomvu Kuu wiki ya Uhuru, Desemba ya sitini na tatu. Wanawake walijaa barazani kwa Bi Mishi kupaka hina ya sherehe. Mwanarehema alikuwa amekwisha kusamehewa nusu, akakaa kimya pembeni akikamua ndimu. Nyevu hakuja. Alasiri, Barke akavuka zile hatua sita. Alikuwa amezeeka. Akaketi mkekani mbele ya watu wote, akanyoosha mikono miwili, viganja juu.

Bi Mishi alichovya chelewa, akaushika mkono wa kulia, akauchora pole pole kwa karibu saa nzima, majani, maua na mashina, na sijaona kazi nzuri kuliko ile kutoka Zanzibar hadi Rabat ya Moroko. Alipomaliza akafunika bakuli.

"Na huu?" Barke akauliza kwa sauti ndogo.

"Huo kapakwe Tanga," Bi Mishi akasema, na akamwita aliyefuata.