Beseni Dogo la Mwalimu Nakunda

Usiku ule nilipanda kitandani nikiwa nimejichukia. Unga wa maandazi nilikuwa nimeshaukanda, nimeufunika kwa kitambaa safi ndani ya beseni dogo la Mwalimu Nakunda ili uumuke hadi asubuhi, na mikono yangu ilinukia iliki. Hata harufu hiyo nzuri ilinitia kichefuchefu. Tangu alasiri kila kitu kilikuwa kinanichefua, na cha kwanza kilikuwa mimi mwenyewe.

Niseme kwanza yaliyotangulia, maana bila hayo ndoto yenyewe haieleweki. Mimi ni mwalimu wa darasa la akina mama kanisani kwetu, huku milimani. Kila Alhamisi tunasoma Neno, tunaimba, tunakula maandazi, halafu tunakwenda kumwona mgonjwa. Alhamisi iliyotangulia ilikuwa zamu ya Bibi Mkunde, mjane anayeishi peke yake karibu na kisima. Ana kidonda mguuni ambacho kisukari kimekikatalia kupona. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema wazi kwamba kioshwe kila siku kwa maji ya chumvi na kufungwa upya, la sivyo mguu utakatwa. Nami nilisimama kanisani mbele ya watu wote nikatamka, "Sisi akina mama tutalibeba hilo." Watu wakasema amina, nikakaa chini nikijisikia mtu.

Tulipofika tulikuta mlango wazi. Harufu ilitupokea kabla ya mwenye nyumba. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki, na chini yake mkojo wa siku nyingi. Bibi Mkunde akaita kutoka kitandani, "Karibuni ndani." Mimi nikagandia kizingitini. Nikashika pindo la kitenge changu, nikaziba pua na mdomo, nikafumba macho, nikaomba. Niliomba maombi marefu, matamu, nikamtaja Mungu kwa majina yake yote huku nikivuta pumzi kidogo kidogo. Nyuma yangu lilisimama darasa zima. Tulipomaliza, Bibi Mkunde akasema tena, "Karibuni ndani jamani." Tukaweka mchele na sabuni mlangoni, tukaaga, tukaondoka. Siku sita zikapita na hakuna kati yetu aliyeosha chochote.

Sasa alasiri ile, siku ya Jumatano, nilipita kwa Zawadi. Zawadi ni mama kijana aliyebatizwa Pasaka hii, na katika darasa langu hakuna mwenye moto kama yeye. Tayari ana majirani watatu anaowakusanya barazani kwake na kuwafundisha yale niliyomfundisha mimi. Nilisikia sauti yake nikiwa bado njiani, nikasimama nyuma ya ua ili nifurahie kidogo.

"Tukimwombea mgonjwa," alikuwa anasema, "kwanza unashika pindo la kitenge, hivi. Unafunika pua na mdomo. Ni kujishusha mbele za Mungu. Mwalimu wetu ndivyo anavyofanya."

Wote watatu wakafunika. Mmoja akauliza, "Na kama nimevaa gauni?"

"Beba leso."

Nilihisi damu imenipanda usoni. Zawadi akaniona, akainuka kwa furaha. "Shikamoo, Mwalimu! Njoo uwaone. Nimewafundisha sawasawa?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema ukweli. Wanne walikuwa wananitazama, pua zimefunikwa, macho yanang'aa kwa imani. 

"Sawasawa kabisa, mwanangu," nikasema.

Nilikwenda nyumbani, nikakanda unga, nikalala.

Na sasa niko kanisani, mchana kweupe, jua linaingia kwa madirisha yote. Viti vimejaa wanawake na wote wamefunika pua. Mbele yuko Zawadi, nyuma yake majirani zake watatu, nyuma yao wale waliofundishwa na hao watatu, na nyuma yao wengine nisiowajua, hadi mlangoni, hadi nje, hadi mtelemko wa kisima. Watoto waliobebwa mgongoni nao wamefungwa vitambaa. Wanaimba, lakini maneno hayatoki. Ni mngurumo tu nyuma ya nguo. Nataka kuwaambia waondoe, ila kitenge changu mwenyewe kimo kinywani, kimelowa mate, na nikikivuta kinazidi kuja, kinanuka kama chumba cha Bibi Mkunde. Navuta, navuta, na hakiishi.

Mlango wa nyuma unafunguliwa, Mwalimu Nakunda anaingia.

Alikuwa amekufa miaka sita iliyopita. Yeye ndiye aliyenifundisha kuomba nilipokuja huku nikiwa bi harusi nisiyejua hata kufungua Biblia. Aliwaosha wagonjwa wa milima hii yote, wale ambao hata watoto wao walikuwa wamewakimbia, na alikuwa ananichukua twende wote. Kila mara aliingia ndani na mabeseni mawili, kubwa la bluu na dogo lenye maua mekundu. Mimi alinisimamisha mlangoni niimbe. Baadaye alitoka na lile dogo amelifunika kwa jani la mgomba, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi uso umelowa maji, anatabasamu. Sikuwahi kumuuliza. Alipofariki, baada ya matanga, wanawe walinipa lile dogo liwe kumbukumbu. Nimelitumia kufundishia darasani kwangu: beseni kubwa ni toba, beseni dogo ni msamaha. Akina mama wameandika kwenye madaftari yao. Na kila Alhamisi nawapangia maandazi humo.

Anaingia amevaa sweta lake lile lililokosa kifungo, miguu mitupu. Anapita katikati ya wanawake bila kuwatazama. Mabeseni yote mawili yako kiunoni kwake.

"Shikamoo, Mwalimu," nasema.

Haitikii. Mwalimu Nakunda, aliyekuwa anaitikia hata shikamoo ya mtoto wa kunyonya, haitikii yangu. Naumia kuliko nilivyoumia siku ya kumzika.

"Twende," anasema.

Na hapo kanisa limekwisha, tuko kwenye kizingiti cha Bibi Mkunde. "Karibuni ndani," inasema sauti kutoka gizani. Mimi, kwa mazoea, nakaa pembeni ya mlango, nakohoa, naanza kuimba.

Mwalimu anageuka. "Leo usiimbe."

Nikajikuta ndani. Sijui nilivukaje. Sakafu inanata chini ya nyayo. Nzi wanatua mdomoni mwangu na sina mkono wa kuwafukuza, maana mikono yangu yote miwili imeshika lile beseni dogo, nami sikumbuki nimelipokea lini. Mwalimu anapiga magoti. Anafungua bandeji, na bandeji haitaki kuachana na nyama, anailowesha, anaivuta taratibu, na inapotoka inatoka na ute wa manjano unaorefuka hadi sakafuni. Ndani ya kidonda kitu cheupe kinajisogeza.  Nageuza macho nimtazame yeye, niuone ule utulivu niliouhubiri miaka yote hii, uso wa mama mtakatifu asiyejua kinyaa.

Uso wake umekuwa wa majivu. Jasho linamtiririka puani. Midomo ameibana. Ghafla ananinyang'anya lile beseni dogo, analiinamia, anatapika.

Anatapika kwa sauti, kama mlevi. Ananyanyuka, anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, anarudi kwenye mguu.

"Samahani, dada," anamwambia Bibi Mkunde. "Tuendelee."

"Usijali," anasema Bibi Mkunde. "Hata mimi mwenyewe kinanichefua."

Anaosha. Anatapika tena. Anaosha. Nami nalitazama beseni lenye maua mekundu, na ndani yake naona unga wangu wa maandazi umeumuka, na akina mama wa darasa langu wamelizunguka, kila mmoja anakata kipande, anakula, anaandika kwenye daftari. Nataka kupiga kelele. Miaka sita nimewalisha humo!

"Mwalimu," nasema, na sauti yangu ni ya yule bi harusi wa zamani, "kumbe na wewe unaona kinyaa?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nilidhani imani yako ilikiondoa."

Anakamua kitambaa. Maji yanayotoka ni ya kahawia. Hanitazami.

"Nilikingoja kiondoke," anasema. "Mama mmoja akafa nikiwa nakingoja. Basi nikaanza kuingia nacho."

 Halafu ananyoosha mkono, ananipa kile kitambaa. Kina joto. Kinanuka. Nyuma yangu, mlangoni, naanza kuusikia ule mngurumo wa wanawake wenye pua zilizofunikwa, wengi, wanazidi kuwa wengi.

"Hao wanafunzi wako," anasema Mwalimu Nakunda, na sasa ananitazama usoni, "waambie ulikuwa unaziba nini."

Nikanyoosha mkono nikipokee. Nikaamka.

Pindo la shuka lilikuwa kinywani mwangu, limelowa. Nje kulikuwa kunapambazuka. Nilikwenda jikoni bila viatu nikalikuta beseni pale mezani, unga umeumuka hadi umekisukuma kando kitambaa na kuyafunika maua mekundu. Nilikimbilia nje, nikashika ukuta, nikatapika hadi machozi yakanitoka.

Siwezi kuapa kwamba ndoto ilisema kweli. Labda Mwalimu alikuwa anamwaga maji tu kule nyuma. Lakini nilikaa pale chini ukutani nikalikumbuka lile jani la mgomba na ule uso uliolowa, nikajiuliza ni msamaha gani huo unaofunikwa kwa jani na kumwagwa nyuma ya nyumba. Na nilikumbuka kwamba miaka yote ile mimi nilikuwa naimba, tena kwa sauti kubwa, kwa hiyo nisingesikia kitu. Pengine ndiyo sababu alitaka niimbe.

Unga wote niliwamwagia kuku. Nikalisugua beseni kwa majivu, nikalisuuza, nikalianika.

Zawadi alifika mapema, anavyofika kila Alhamisi kunisaidia kukaanga. Alikuwa amevaa kitenge kipya, pindo lake amelikunja vizuri mkononi, tayari.

"Mwalimu, mafuta niyabandike?"

"Leo hatukaangi. Bandika maji. Tia chumvi."

Akabandika. Nami nikasema hapohapo, nikiwa nimesimama, kabla sijajionea huruma. "Zawadi, siku ile kwa Bibi Mkunde sikufunika pua kwa kujishusha mbele za Mungu. Palinuka. Nilimwonea kinyaa yule mama, nikashindwa kuingia kwake. Na jana uliponiuliza nikakudanganya. Nenda ukawaambie wenzako watatu hivyo hivyo, usinipambe."

 Niliona kitu kikimtoka usoni, ile heshima aliyokuwa ananipa, na iliniuma. Kisha akalitazama pindo la kitenge mkononi mwake, akaliachia.

"Kwa hiyo leo tunaingia?"

"Tunaingia."

"Hadi ndani?"

"Hadi kitandani. Tunamwosha."

Maji yalianza kuchemka. Zawadi akaweka mkono tumboni.

"Mimi nitatapika, Mwalimu. Najijua."

Nikalitoa beseni dogo juani, nikampa.

"Ndiyo kazi yake hili," nikamwambia. "Tutapokezana."